Vidonge Tisa Mfukoni mwa Shati

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Orlin Tveit alikula balungi. Alilikata katikati, akalinyunyizia sukari, akalichokonoa kwa kijiko. Kisha alikamua maganda ndani ya glasi na kunywa maji yake yote. Mkewe, Ardis, alikula yai na mkate. Yeye na vitu vichungu hawakupatana tangu utoto.

Mabalungi hayo yalitoka shuleni. Kila Desemba, wanafunzi wa bendi ya shule ya Nordby, mji mdogo wa Minnesota huko Marekani, huuza maboksi ya matunda yanayotoka majimbo ya kusini ili wapate nauli ya safari zao. Mwaka huo mjukuu wao Kirsa alikuwa ameanza kupiga tromboni. Hakuna babu wa Nordby anayenunua boksi moja wakati mjukuu wake amesimama mlangoni na theluji kwenye kofia. Orlin alinunua matatu. Mwezi wa Februari ulipofika, boksi la tatu lilikuwa bado gereji, limefunikwa blanketi lisigande. Na katika nyumba ile chakula hakikutupwa. Kililiwa mpaka kikaisha.

Orlin alikuwa na miaka sabini na mbili. Alikuwa amefuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote, kisha akamwachia binti yake shamba. Lakini kazi iliyompa jina haikuwa ya ng'ombe. Orlin alikuwa mwita hatua. Katika dansi ya kwao, jozi nne husimama mraba. Muziki ukianza, wachezaji hawajui watafanya nini. Wanamsubiri mwita hatua. Akisema zungukeni, wanazunguka. Akisema badilishaneni, wanabadilishana. Hatua zote ziko kichwani mwake, naye huziita kwa mashairi bila karatasi. Orlin alizijua mia mbili na zaidi.

Miaka miwili kabla ya hapo alipata mshtuko wa moyo akiwa anapakia nyasi kavu. Alipona. Daktari alimpa dawa ya kupunguza lehemu, yaani yale mafuta ya kwenye damu ambayo wengine huyaita kolestro. Yakizidi, hung'ang'ania kwenye mishipa na kuiziba. Kila Jumapili Ardis alipanga vidonge vya wiki nzima katika kisanduku chenye vyumba saba. Kila usiku Orlin alimeza kimoja. Kwa miaka miwili hakukuwa na shida yoyote.

Shida ilianza Januari. Kwanza Orlin alimwaga kahawa ndani ya bakuli la sukari. Ardis alimtania.

"Mzee, leo sukari nayo imeomba kahawa?"

"Ilikuwa na kiu," alisema Orlin.

Walicheka. Baadaye alimwita mbwa kwa jina la mbwa aliyekufa zamani. Siku nyingine alikwenda na pikapu mpaka ghala la ushirika, akakaa ndani ya gari dakika ishirini, akarudi nyumbani. Hakukumbuka alichofuata. Siku hiyo Ardis hakumtania.

Jumapili ya kwanza ya Februari palikuwa na dansi kwenye ukumbi wa mji. Orlin alishika kipaza sauti kama kawaida. Katikati ya wimbo wa pili alinyamaza. Wachezaji walibaki wamepeana migongo, wakimsubiri. Muziki uliendelea. Orlin alifungua mdomo na kuufunga. Mwishowe mtu mmoja alipiga makofi na wote wakapiga makofi, kwa sababu ni watu wenye adabu. Orlin alitua kipaza sauti mezani, akaenda kuvaa koti lake.

Njiani wote wawili walikuwa wanamfikiria mtu mmoja: mzee Selmer, baba yake Orlin. Selmer aliishi miaka sita katika nyumba ya wazee bila kulijua jina la mwanawe.

Siku kumi zilipita. Ardis alikuwa anafua nguo. Alipapasa mfuko wa shati la Orlin, kama alivyozoea, maana ndimo ilimokaa misumari na kamba. Alitoa vidonge. Alivihesabu. Vilikuwa tisa, vyeupe, vyote vya aina moja.

Orlin alikuwa jikoni anasoma gazeti. Ardis alivimwaga juu ya gazeti.

"Hivi ni nini?"

Orlin aliviangalia. "Vidonge."

"Macho ninayo. Vidonge vya nini?"

"Vya lehemu."

"Vimefikaje mfukoni?"

"Vimetembea."

Ardis hakucheka. Alivuta kiti akaketi mbele yake. "Umeacha kumeza?"

"Siku ya tisa leo."

"Kwa amri ya nani?"

"Gaylen anasema vinakula ubongo."

Gaylen Brusven alikuwa rafiki yake wa kunywa naye kahawa pale ghalani. Wazee hukutana huko saa nne asubuhi na kulitengeneza taifa kwa maneno.

"Gaylen amekuwa daktari lini?" aliuliza Ardis. "Hata ng'ombe wake hawamwamini."

"Msikilize kwanza, mama. Anasema ubongo ni mafuta. Dawa inaondoa mafuta. Sasa hapo unahitaji shule gani? Yeye ameacha vyake tangu wakati wa mavuno, na yuko sawasawa."

"Gaylen hajawahi kuwa sawasawa. Na wewe moyo wako ulishasimama mara moja, mzee. Mimi nilikuwepo."

Orlin alivikusanya vidonge kimoja kimoja akavirundika pembeni.

"Moyo ukisimama nitakufa mara moja," alisema. "Mtalia, mtanizika, mtakunywa kahawa. Kichwa kikiisha, nitakaa kwenye kiti hiki nikikuuliza wewe nani. Kila siku, miaka sita. Mimi nimeshachagua, mama."

Ardis aliogopa. Aliuogopa moyo wa Orlin na alikiogopa kichwa chake, vyote kwa pamoja. Pia alikasirika, kwa sababu mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na saba alikuwa amechagua jambo kubwa hivyo peke yake.

"Mimi sikuchagua," alisema. "Kavae koti."

Alipiga simu kwenye duka la dawa la mji. Mfamasia aliitwa Pakou Lor. Wazazi wake walihamia Minnesota kutoka Laos, naye alikuwa ameishi Nordby miaka sita. Alisikiliza mpaka Ardis akamaliza.

"Njooni sasa hivi," alisema Pakou. "Na mama Ardis, chukua mfuko. Weka ndani kila kitu ambacho mzee anameza au anajipaka. Hata vile mnavyoona si dawa."

Walikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya kaunta. Pakou alitoa vitu kwenye mfuko na kuvipanga mezani. Dawa ya lehemu. Dawa ya presha. Aspirini. Mafuta ya samaki. Marhamu ya kuchua viungo. Mwisho alitoa pakiti ya vidonge vya buluu ambayo Ardis alikuwa ameikuta kwenye droo ya Orlin.

"Na hivi?"

"Hivyo si dawa," alisema Orlin. "Ni vya kulalia tu. Nilinunua kituo cha mafuta."

"Kituo cha mafuta kinauza na petroli, mzee Orlin, lakini hatuinywi. Unameza vingapi?"

"Viwili. Usiku."

"Tangu lini?"

"Tangu miguu ianze."

"Miguu gani?" aliuliza Ardis.

"Yangu. Ninayo miwili."

Ilibidi aeleze. Tangu Krismasi mapaja yalimuuma kama mtu aliyebeba marobota ya nyasi kutwa. Usiku maumivu yalimnyima usingizi. Ndipo akanunua vya buluu.

"Ulikwenda kwa daktari Januari," alisema Pakou. "Hukumwambia?"

"Aliniuliza naendeleaje."

"Ukajibu nini?"

"Siyo mbaya."

Pakou alimtazama Ardis, Ardis akatazama dari. Huko Nordby, mtu ambaye upepo umeng'oa ghala lake na kulitupa kwa jirani, ukimuuliza hali, atajibu siyo mbaya. Kulalamika ni aibu kuliko kuugua. Daktari alikuwa ameandika kwamba mgonjwa hana tatizo, akamruhusu aende.

"Sasa nisaidieni," alisema Pakou. "Dawa hii ya lehemu umeimeza miaka miwili, kipimo kilekile, na miguu haikuuma. Kitu gani kilibadilika mwezi wa Desemba? Kazi? Chakula?"

"Hakuna," alisema Orlin. "Nakula vilevile."

"Kifungua kinywa?"

"Mayai siku hizi nimepunguza. Nakula tu balungi la bendi."

Pakou alitua kalamu. "Moja?"

"Moja asubuhi. Mchana jingine, yasije yakaoza. Na maji yake."

"Ana maboksi matatu," alisema Ardis. "Mjukuu anapiga tromboni."

Pakou alivuta chupa nyingine ya dawa hiyohiyo ya lehemu kutoka kwenye rafu na kuigeuza. Ubavuni palikuwa na karatasi ndogo ya njano. Alimpa Ardis aisome. Iliandikwa: usile balungi wala kunywa maji yake unapotumia dawa hii.

Ardis alihisi uso unawaka. Kila alipoleta chupa nyumbani, alimimina vidonge kwenye kisanduku cha vyumba saba na kutupa chupa. Karatasi ya maelezo aliwashia jiko.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemfanyia hivi."

"Hapana, mama. Wengi hufanya hivyo. Na mimi nilipaswa kuwaambia kwa mdomo, siyo kubandika karatasi tu. Nisikilizeni. Tumboni kuna kitu kinachovunjavunja dawa hii ili isizidi kwenye damu. Balungi hukizuia kisifanye kazi. Kwa hiyo umemeza kidonge kimoja, lakini mwili unaona kama umemeza vingi. Dawa ikizidi, misuli huanza kuuma. Mkojo wako uliwahi kuwa wa rangi ya chai nzito?"

"Hapana."

"Vizuri. Ungekuwa hivyo, sasa hivi tungekuwa njiani kwenda hospitali. Misuli inakuwa imeumia vibaya, na figo zinaweza kuharibika."

Orlin aliinama mbele. Hakuja pale kwa ajili ya miguu. "Na kichwa?" aliuliza. "Niambie kweli, binti. Vinakula ubongo au havili?"

Pakou alimgeukia.

"Nitakuambia ninachojua na nisichojua. Wapo watu wachache waliosema kichwa kimekuwa kizito baada ya kuanza dawa za aina hii. Hatuwapuuzi. Mara nyingi daktari akiwabadilishia, wanarudi kawaida. Lakini watu wengi sana wamefuatiliwa kwa miaka, na haikuonekana kwamba dawa hizi huleta ugonjwa kama wa baba yako."

"Gaylen anasema ubongo ni mafuta."

"Hapo Gaylen amepatia. Ubongo una lehemu nyingi. Ila hujitengenezea yake mwenyewe, haungojei ile ya kwenye damu. Na kuna jambo lingine. Mshipa ukiziba kichwani, mtu anapata kiharusi, na kiharusi ni moja ya mambo yanayomaliza kumbukumbu za watu. Dawa hii inaulinda moyo na inakilinda kichwa pia. Siku tisa umekaa bila ulinzi."

Orlin akauliza, "Basi nani ananila kichwa?"

"Siwezi kuapa. Daktari ndiye atakayepima. Lakini mshukiwa wangu wa kwanza ni huyu." Pakou aligonga pakiti ya buluu kwa kidole. "Hivi vya kulalia, kwa mtu wa umri wako, hubaki mwilini mpaka mchana. Husababisha ukungu kichwani, kusahau, hata kuanguka. Na wewe unameza viwili kila siku."

Ardis alianza kuunganisha mambo. Mabalungi yaliongeza dawa. Dawa iliumiza miguu. Miguu ilifukuza usingizi. Kukosa usingizi kulileta vya buluu. Vya buluu vilileta ukungu. Ukungu ulileta woga, na woga ukamtoa mzee kwenye dawa ya moyo. Vyote hivyo vilitokea ndani ya nyumba yake, mbele ya macho yake, kwa sababu ya ukarimu na kunyamaza.

Pakou alimpigia daktari simu wakiwa wameketi hapohapo. Siku hiyohiyo alasiri Orlin alipimwa damu: misuli, ini, tezi ya shingo na vitamini ambayo ikipungua huleta usahaulifu. Daktari Renner alikuwa mama mfupi asiyependa kuzunguka na maneno. Alimfanya Orlin achore saa, akampa maneno matano ayakumbuke. Alikumbuka matatu.

"Vya buluu basi," alisema daktari. "Balungi basi. Nitakupa dawa nyingine ya lehemu isiyogombana na balungi, lakini kwanza niyaone majibu ya damu. Baada ya wiki sita uje tena. Kama usahaulifu utakuwa bado upo, tutatafuta zaidi, na hutakuwa peke yako. Na mzee Orlin, dawa yangu ikikusumbua, nigombeze mimi. Usiifiche mfukoni."

Majibu ya damu hayakutisha. Misuli ilikuwa imeumia kidogo tu. Siku mbili baadaye Orlin alianza dawa mpya.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Bila vya buluu, usingizi ulikataa kabisa. Daktari alikuwa amesema aamke saa ileile kila siku, atembee mchana, aache kahawa baada ya chakula cha mchana. Kwa mzee wa Nordby, kuacha kahawa ya alasiri ni kama kuhama nchi. Aliiacha. Wiki ya pili miguu ilinyamaza. Wiki ya tatu alilala mpaka asubuhi, na Ardis alikaa kitandani akimsikiliza anavyokoroma. Aliwahi kuuchukia mkoromo huo. Siku hiyo alimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mabalungi yaliyobaki hayakutupwa. Ardis aliyapakia kwenye pikapu akapita nayo nyumba kwa nyumba. Lakini kabla ya kumpa mtu hata moja, alimuuliza swali mlangoni.

"Unameza dawa gani?"

"Ardis, mimi nataka tunda, sitaki mahojiano."

"Leta chupa zako nisome. Kama hujui, kamuulize Pakou kwanza. Balungi linagombana na dawa nyingi, siyo ya lehemu peke yake."

Watu wawili waligundua kwamba hawapaswi kula. Ardis aliondoka na matunda yake na kuwaachia mkate wa ndizi.

Kwa Pakou alipeleka sinia la keki za mraba za shayiri na chokoleti. Wiki iliyofuata sinia lilirudi limejaa sambusa ndefu za mama yake Pakou, maana hakuna anayerudisha sinia tupu pale mjini, na Pakou alisema kwao pia ni hivyohivyo. Ardis alijaribu kumwambia neno la shukrani. Alisimama kwenye kaunta na machozi yakamtoka, mbele ya watu waliokuja kununua dawa ya kikohozi. Hakujali.

Wiki ya nne, Ardis alikuwa anasimulia aliyoambiwa na dada yake kwenye simu kuhusu harusi ya zamani.

"Ilikuwa Agosti," alisema.

"Julai," alisema Orlin, bila kuinua macho kwenye gazeti. "Tarehe kumi na nane. Mvua ya mawe ilivunja kioo cha gari la mchungaji."

Ardis aliacha kuosha vyombo. Mikono ilibaki ndani ya maji, naye akatabasamu akiutazama ukuta.

Baada ya wiki sita walirudi kwa daktari. Lehemu ilikuwa imeshuka. Miguu haikuuma. Kati ya maneno matano, Orlin alikumbuka matano, kisha akayasema kinyumenyume ili kujivuna. Daktari Renner aliwaambia kwamba umri ni umri, na kwamba wataendelea kumpima kila mwaka. Walikubali.

Jumapili ya pili ya Aprili, saa nane mchana, ukumbi wa mji ulijaa. Miraba sita ilisimama sakafuni. Orlin alishika kipaza sauti. Aliita wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliita hatua ambazo vijana hawakuwahi kuzisikia. Ardis alicheza mpaka viatu vikambana.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, watu walisubiri awaage. Orlin alinyamaza. Alifungua mdomo, akaufunga. Ukumbi ukatulia. Ardis alipiga hatua kwenda jukwaani.

Orlin aliinua mkono kumzuia. "Sijasahau," alisema. "Natafuta namna ya kusema. Sijazoea."

Hakuna aliyecheka.

"Februari mlinipigia makofi niliposhindwa. Nilikwenda nyumbani nikaficha dawa yangu ya moyo mfukoni. Niliogopa. Nilidhani ndiyo inaniharibu kichwa, na sikumuuliza mtu anayejua. Ningeweza kufa kwa ujinga huo. Mke wangu alivikuta vidonge akifua, akanivalisha koti kama mtoto, akanipeleka kwa Pakou." Alikohoa. "Pakou yule pale, karibu na kahawa. Asante, binti. Na wewe, mama. Asante kwa kunisumbua. Endelea."

Kwa watu wa Nordby, hayo yalikuwa maneno mengi kuliko wanayosema kwenye mazishi. Wengine walitazama viatu vyao. Kisha mtu mmoja alianza kupiga makofi, na safari hii hawakupiga kwa adabu.

Watu walipokuwa wanakunja viti, Gaylen Brusven alimfuata Ardis. Alikuwa amebeba viti vinne, na alionekana kuvitumia kama ukuta.

"Lile duka la Pakou," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho linafunguliwa saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nauliza tu."

"Najua," alisema Ardis. Alimpokea viti viwili. "Saa tatu kasorobo nitakuwa mlangoni kwako, Gaylen. Leta chupa zote."